Ua la Buluu la Baba Yenu

Kaeni hapa wote wawili, wanangu, na safari hii asitoke mtu. Tangu nianguke kitandani mmekuwa mkinijia kwa zamu kama wauguzi, kaka akiingia dada anakumbuka kuna gauni la mteja hajalipiga pasi, nami nimenyamaza kwa sababu pumzi yangu ni ya kubana matumizi. Nyumba ni yenu nusu kwa nusu, shangazi yenu anajua, hilo halina mjadala. Ninalotaka kusema ni la ua.

Wewe mwanangu wa kiume ulirithi kiti cha baba yako kule kwenye ghala la mimea iliyokaushwa, haya unayajua, lakini mwenzio ni fundi cherehani, acha nimweleze. Mimea hii ya kutambaa, yenye maua kama tarumbeta yanayofunguka alfajiri na kusinyaa jua likipanda, ni ukoo mkubwa ajabu. Kiazi kitamu ni ndugu yao, na kuna mwingine wa mchanga wa pwani ambaye mbegu zake huelea baharini zikaota nchi za watu bila kuulizwa hati ya kusafiria. Kuwatenganisha ni kazi ya kumtoa mtu roho, na baba yenu ilimtoa.

Alilala bondeni, akachuma kukipambazuka, kivulini mwa miti, ua la buluu lenye jani la ncha tatu, akalibana kwenye karatasi papo hapo. Akalilinganisha na gugu lile lililoenea kila mahali, ambalo ghalani lina ua la pinki na jani la umbo la moyo, akasema hizi ni aina mbili, akaitangaza yake kuwa mpya, akaipa jina langu. Nisiwafiche, niliringa. Ila kwenye ramani ya mahali mimea ilipochumwa aina hiyo ilikuwa na nukta moja tu, wenzake wakamcheka, na tangu hapo hakukaa nyumbani, bonde hadi bonde akitafuta nukta ya pili, mpaka mto uliofurika ukamchukua na sisi tukaletewa kitu kilichofunikwa turubai.

Sasa wewe umeandika kwamba aina ni moja, jina langu lifutwe, na dada yako akakwambia, nami nasikia, "Baba unamzika mara ya pili, na mama unamzika kabla hajafa." Nililia siku ile.

Lakini sikilizeni. Makopo yale dirishani si pambo la mgonjwa. Kwenye bahasha ya baba yenu zilibaki mbegu za ua lile, nikazikwaruza ganda kwa kisu, nikaziloweka, na baada ya miaka yote hiyo zikaota. Kopo moja nililiweka juani, likatoa jani la umbo la moyo. Jingine kivulini, likatoa ncha tatu. Na ua lenyewe, wanangu, alfajiri ni buluu, mchana likisinyaa linageuka pinki, ua lile lile. Wenzake walifika kwa gari jua limeshapanda, yeye alichuma mapema, na desturi ya ghala ni kuandika mahali na tarehe, saa haiandikwi. Mmea aliokuwa akiufuata mabondeni alikuwa akiukanyaga hapo nje kila alipotoka kwenda kuutafuta. Inaniuma, sijui niseme vipi.

Binti yangu, mwache kaka yako. Jina ni langu, na mwenye jina nasema lifutwe. Sitaki watoto wa mwingine wafuate mto kwa ajili yangu. Nawe, mwanangu, usiandike kwamba baba yako alikosea kwa uzembe. Andika kwamba alidamka kuliko wenzake.

Chumeni ua la kesho asubuhi, na jingine la mchana, muyaweke kwenye karatasi moja. Dada ayashone kwa uzi, mkono wake ni mwepesi, kaka aandike. Muandike na saa. Nawabariki kwa yote niliyokuwa nayo, Mungu awape kusikilizana, mle sahani moja... Hapana, maji sitaki. Niinueni kidogo. Jina la gugu liwe juu. Langu chini yake... pale penye majina yasiyotumika tena. Kalamu iko wapi? Anza na hilo langu, mwanangu, wakati bado naona.