Wasifu wa Dada Yetu, Mwalimu wa Dawati la Nyuma

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, fundi seremala. Dada aliniachia mimi wasifu huu niusome kwa sababu alijua sina cheo cha kupoteza.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa kwanza kati ya watano wa mama mshonaji na baba mlinzi wa ghala. Alianza shule ya msingi mwaka 1965, akamaliza sekondari 1975, akahitimu ualimu 1977. Baadaye alirudi chuo kikuu akiwa na watoto wawili wadogo, akapata shahada yake mwaka 1990. Vitabu alivisomea jikoni, mguu mmoja ukibembeleza mtoto.

Tarehe 6 Agosti 1983 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi saa, mtu mpole ambaye mpaka leo anasema alioa saa yenye kengele.

Januari 2001 aliteuliwa kuwa mkuu wa shule ya sekondari iliyokuwa na madirisha bila vioo na walimu bila hamu. Mwaka huo watahiniwa wa kidato cha nne walikuwa themanini na wanane, wakafaulu tisa. Dada hakuitisha kikao. Aliingia darasani kwa mlango wa nyuma, akakaa dawati la mwisho, akafanya zoezi pamoja na wanafunzi, kisha akakabidhi daftari lake lisahihishwe. Siku moja mwalimu wa hesabu alimpa nne kwa kumi. Wenzake wakaanza kumpa pole ya uhamisho. Dada alilibandika lile zoezi kwenye ubao wa matangazo wa walimu, akaandika chini yake: "Mkuu amepata nne. Aliyeelewa aje anieleweshe wakati wa chai."

Kuanzia hapo walimu waliacha kuoneana haya, wakaanza kuulizana. Mtoto aliyemwona mkuu wake akipata nne bila kufa kwa aibu, naye aliinua mkono. Mwaka 2008, kati ya watahiniwa tisini na sita, walifaulu sabini na mmoja. Madawati yale niliyatengeneza mimi, kwa hiyo nayasema niliyoyaona.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa nina hasira na sitaificha.

Dada alikuwa na makamu ambaye wanafunzi walimwita Bwana Wastani, kwa jinsi alivyoupenda wastani wa shule kuliko wanafunzi wenyewe. Mapema mwaka 2009 alimwendea dada ofisini.

"Mama, hawa thelathini na mmoja watatushusha. Tusiwasajili mtihani."

"Basi tushuke nao," dada alimjibu. "Tukifika chini tutaanza kuwapandisha."

Wiki mbili baadaye dada alilazwa kutolewa uvimbe tumboni. Aliporudi kazini, usajili ulikuwa umefungwa. Wale thelathini na mmoja walikuwa wamekatwa kwenye orodha, na chini ya orodha kulikuwa na jina la dada na muhuri wa ofisi. Alipolalamika aliambiwa orodha haionekani. Wastani wa shule ulipanda, Bwana Wastani akapewa ukuu, dada akahamishiwa stoo ya vitabu. Mama mmoja alikuja nyumbani akamtupia sare ya mwanawe miguuni.

"Ulimpa moyo mwanangu, halafu ukamfuta!"

Kwa miaka kumi na mitano wazazi wa watoto wale walivuka barabara wakimwona dada yangu. Hilo lilimuuma kuliko kisu cha daktari.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Februari mwaka huu karani wa shule, aliyekwisha kustaafu, alikuja kumjulia hali akiwa na bahasha. Ndani yake kulikuwa na orodha ile, kwa mwandiko wa makamu. Katika haraka yake ya kupiga muhuri, makamu alisahau kuirudisha nyuma tarehe. Inasomeka 6 Machi 2009. Siku hiyo, tangu asubuhi, dada alikuwa chumba cha upasuaji. Fungueni ukurasa wa nne wa ratiba zenu. Cheti cha hospitali na orodha vimepangwa upande kwa upande.

Nilitaka kuvipeleka magazetini. Dada alikataa.

"Vitie kwenye ratiba ya mazishi yangu," alisema. "Atakuja tu. Yule hawezi kukosa mahali penye kipaza sauti."

Kweli amekuja. Leo ni afisa elimu, amekaa safu ya mbele, na jina lake liko nambari saba: salamu za ofisi.

Dada alifariki Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, saa tatu asubuhi, shemeji akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watano na sisi wadogo zake wanne. Ameacha pia wale thelathini na mmoja. Nimewatafuta mlango kwa mlango nikiwa na karatasi ile mkononi, na ishirini na sita wako hapa. Naomba wasimame. Salamu nambari saba watazitoa wao, kila mmoja kwa jina lake kamili, kama lilivyoandikwa kabla ya kukatwa.

Dada, pumzika, kazi yako imesahihishwa. Wewe wa safu ya mbele, usiondoke. Kaa uitikie majina.