Msiufunike Ukuta wa Mikate

Sogeeni, wanangu, na wewe Sobir usijifanye unatafuta kiti, kaa hapo kwenye godoro nikuone macho, kwa maana pumzi niliyobaki nayo ni ya maneno machache na mengi ya hayo ni yako. Mohira, acha chai, sikiliza.

Nina hasira, wala sitaificha kwa sababu nakufa. Mwanangu wa kumzaa, mwenyekiti wa jengo hili la ghorofa tisa, ameniletea karatasi kitandani nitie saini, ukuta wetu wa nje ufunikwe kwa paneli za plastiki na tangazo la simu. "Baba, ni vijiwe tu vile, vimezeeka." Vijiwe tu! Mkataa kwao mtumwa, Sobir.

Vijiwe hivyo vya rangi tulivipanga mimi na fundi mwenzangu Tolib, vikawa picha ya mwanamke aliyebeba sinia la mikate, Tashkent ilipokuwa ikijengwa upya baada ya tetemeko. Tulivilaza kifudifudi kiwandani, zege likamwagwa juu, kwa hiyo bamba la ukuta likitoka mtu huona mgongo wake tu, na mimi kwa haraka zangu, kwenye bamba la sinia, mshale wa kuonyesha watu wa kreni upande wa juu nikauchora kinyume. Walipolipandisha, mwanamke wetu wa pichani, pale ghorofa ya sita, akawa amebeba sinia lililopinduka, mikate yote uso chini. Wakubwa wa kamati ya ujenzi, watu wa mbali wasiojua mila zetu, wakapiga makofi. Lakini bibi zenu wa mtaani walisimama pale chini wakalia, maana nani hapa hulaza mkate kifudifudi, na kwetu ni kuita nuksi? Waliapa hawataingia katika jengo hili.

Mchuma janga hula na wa kwao. Tolib hakunilaumu, alisema tu, "Kosa lako, Ergash, lakini kamba zitakuwa mbili," tukaning'inia siku kumi na moja tukibandua na kupanga upya kijiwe kwa kijiwe, na siku ya mwisho kamba yake ikakatika. Akapoteza mguu. Miaka thelathini aliuza mbegu za alizeti hapo getini, magongo ubavuni, na akiniona hutazama juu na kucheka: "Mikate imeiva, kaka?" Sikuwahi kumwomba radhi kwa mdomo, na hilo linaniuma kuliko kifua hiki. Radhi yangu kwake ni ukuta ule. Wenye nyumba wote wametia saini isipokuwa mimi, na bila yangu hawaruhusiwi kuugusa.

Basi chukua kalamu, Sobir, uandike kwa mkono wako mwenyewe. Nyumba hii ya pembeni ni ya Mohira, na saini ya nyumba hii sasa ni yake, asiitoe hata akiletewa dhahabu. Bustani ya zabibu na gari ni vyako. Msigombanie vyombo vya mama yenu. Mnizike leo leo, kabla ya jua kuchwa. Mungu awape watoto wenye macho... nawe pia, Sobir, nakubariki, kwa kinyongo, lakini nakubariki. Amina.

Mbona huandiki?

Nini hicho... ukutani, nyuma ya kichwa changu. Wanatoboa. Nani amewaruhusu... Sobir. Nitazame, mwanangu. Saini yangu ameiweka nani?

Mohira, niachie mkono. Shuka, ukasimame mbele ya... usinililie. Kufa nitakufa mwenyewe. Kimbia.