Shangazi na Kadi za Masalio

Waombolezaji wenzangu, majirani, wafanyakazi wa kiwanda cha uchapaji na wote mlioacha shughuli zenu kuja kusimama nasi juani, mimi ni binti wa kaka yake marehemu, yule wa katikati, na tangu jana jioni familia imenipa kazi mbili, ya kwanza kuwasomea historia hii, na ya pili kuhamia chumbani kwa Shangazi kuanzia kesho ili nimtunze Bibi, kwa kuwa, kama alivyoeleza Baba Mkubwa kikaoni, sina mume wala mtoto, na ile ajira ya fundi umeme niliyoipata mji mwingine, inayoanza Jumatatu, inaweza kungoja kidogo. Naomba nianze na hiyo kazi ya kwanza.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Juni 1968, katika nyumba ile ile ya nyuma ya karakana ya maseremala, akiwa mtoto wa nne na wa mwisho, binti pekee baada ya kaka watatu, na majirani walimwita Mkasi tangu akiwa mdogo, maana hakuna karatasi iliyosalimika mikononi mwake, hata kalenda ya ukutani aliikata picha kabla mwaka haujafika katikati, babu akabaki anauliza tarehe kwa jirani.

Kuhusu elimu, alisoma shule ya msingi iliyo ng'ambo ya barabara kuanzia mwaka 1976 hadi 1982, kisha sekondari ya wasichana mpaka Novemba 1986, akafaulu vizuri hesabu na sanaa, na tarehe 2 Februari 1987 akaajiriwa kiwandani, idara ya umaliziaji, kwenye mashine ya kukatia karatasi, ambako kila kadi inayonyooshwa huacha kipande chembamba pembeni, wenzake wakavitupa, yeye akaviomba kwa msimamizi, akavipanga kwa rangi na unene ndani ya maboksi ya viatu. Kwa vipande hivyo, na riboni zilizobaki, lesi za mapazia na karatasi za zawadi zilizokwisha kufunguliwa, alitengeneza kadi za mkono, mkunjo akiulaza kwa mgongo wa kijiko ili karatasi isipasuke, gundi akiipika mwenyewe kwa unga wa ngano, na vifungo akivipata anakojua yeye, mpaka Baba Mdogo siku moja akaenda kazini shati limeshikwa na pini, kifungo chake akakikuta wiki ile ile katikati ya ua, kwenye kadi ya kumpongeza mkewe kwa kujifungua. Mwaka 1994 msimamizi, anayetusikiliza hapa akiwa mstaafu, alimtengea meza yake mwenyewe, pana, karibu na dirisha, ili kiwanda kianze kuuza kadi zake.

Meza hiyo hakuikalia. Tarehe 9 Septemba 1994 Bibi alipatwa na kiharusi, upande wa kulia ukapooza na sauti ikapotea, na kikao cha familia kiliketi sebuleni, kikaamua Mkasi achukue likizo ya miezi mitatu amuuguze mama yake, kwa muda tu, mpaka tujipange, na hayo maneno ya kujipanga nimeyasikia tena jana, sebule ile ile, kutoka kiti kile kile. Likizo ile haikuisha, kiwanda kikampa mtu mwingine meza, na hatukujipanga.

Mliowahi kuingia chumbani mle nawaomba mnisaidie kukumbuka, kitanda cha Bibi, godoro la Shangazi sakafuni, kabati, na dirisha linalotazama ukuta wa jirani kwa karibu kiasi cha kuugusa, na kwa kuwa Bibi alikuwa anagonga kikombe anapohitaji kitu, Shangazi hakwenda mbali zaidi ya pale mlio wa kikombe unapofika, yaani kwenye kamba ya kuanikia nguo. Alifanya kazi yake amekaa kwenye kigoda, sinia mapajani, ndiyo maana kadi zake zikawa ndogo mwaka hadi mwaka, na kurasa za kumbukumbu alizotubandikia picha zetu alizikausha chini ya godoro la Bibi, akizitoa kila anapomgeuza, zimenyooka kama zimepigwa pasi, na Bibi alikuwa anacheka kwa upande mmoja wa mdomo, kwa sababu alijua yeye ndiye pasi.

Kuhusu ndoa, karatasi niliyopewa inasema marehemu hakujaliwa kuolewa, nami naomba kurekebisha, kwamba alichumbiwa, na fundi wa fremu za picha, mwaka 1995, fundi akaja na wazee wake, akaambiwa asubiri Mama apate nafuu, akarudi mwaka uliofuata, akaambiwa vilevile, akasubiri mpaka mwaka 1999, ndipo akaoa kwingine, na kadi za harusi ile alizitengeneza Shangazi, zote, kwa mkono, wala hakuna hata moja iliyopinda. Nilimuuliza alijisikiaje, akanijibu, “Mwanangu, gundi ikishapikwa lazima itumike siku ile ile,” halafu akanituma dukani.

Hakuzaa, lakini hakuna mtoto wa ukoo huu asiye na kurasa zake, na humo ameweka utepe wa hospitali tulipozaliwa, kipande cha nguo ya kwanza ya shule, bahasha, tiketi, kila tulichokiacha. Sherehe zetu alizisherehekea hivyo, sisi tunakwenda, yeye anabaki, kwa sababu lazima mtu akae na Mama, halafu kesho yake tunamletea riboni za gari la harusi na karatasi za zawadi ndani ya mfuko, tena tunadhani tumemfurahisha. Harusi zote za nyumba hii zilimfikia zikiwa masalio. Juzi tulipotafuta picha ya kuweka juu ya jeneza tulipekua kurasa alizozibandika mwenyewe, hatukumwona popote, isipokuwa mkono wake ukimpokea mtu sahani, kwa hiyo hii mnayoiona ni ya kitambulisho, tumeikuza, na inaniuma.

Mwezi Novemba 2021 aligundua uvimbe kwenye titi, akapangiwa kulazwa kwa vipimo, akaomba mtu wa kukaa na Bibi, Baba Mkubwa alikuwa na wageni, Baba Mdogo alikuwa anajenga, baba yangu alisema mwezi ujao, nami nilikuwa bado chuoni, siku ya kulazwa ikasogezwa, ikasogezwa tena, mpaka Agosti 2022 jirani yetu mshonaji alipobeba cherehani yake akaihamishia kwetu, akamwambia, “Nenda mama, mimi nipo.” Daktari alikuta ugonjwa umesambaa. Nilipomtembelea wodini muuguzi aliniambia mgonjwa wenu anapenda kutembea, anakwenda mpaka geti kuu na kurudi, hatafuti kitu, na Shangazi aliponiona nashangaa akasema, “Hapa nikitoka hakuna anayegonga.” Alifariki asubuhi ya tarehe 3 Mei 2023, akiwa na umri wa miaka hamsini na minne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kumharakisha, wafanyakazi wa kiwandani walioendelea kumletea vipande mlangoni miaka yote hii, fundi wa fremu aliyetengeneza jeneza hili kwa mikono yake, na majirani, hasa mshonaji, ambaye cherehani yake bado iko kwetu.

Kuhusu ile kazi ya pili, wazee wangu, naomba radhi kwa kuwajibu nimesimama, nawashukuru kwa kuniamini, lakini Jumatatu nitakuwa kazini kwangu. Bibi nampenda, na kwa kuwa Shangazi alinifundisha, naomba nami niwafundishe mbele ya watu hawa, uji wake uwe mwepesi na usiwe wa moto, ageuzwe ubavu kabla ya chakula cha mchana na tena jioni, mguu wa kulia ushikwe chini ya goti, hapendi kuoshwa na mtu anayeongea na simu, na akikaa muda mrefu bila kugonga kikombe msidhani amelala, anataka mtu wa kukaa naye.

Lala, Shangazi, upumzike kwa amani, na usimhofie mama yako, ana watoto wa kiume watatu, wazima wa afya, wameketi mstari wa mbele.