Kuku Waliokuja Mbio

Mmeniuliza tena habari ya kuku wa Évode. Kila anayechukua kikombe anataka na hadithi juu yake, kana kwamba nimeichemsha pamoja na kahawa. Nimeisimulia mpaka meno machache niliyobakiza yanalegea. Naiandika mara hii moja, mpeane karatasi, mniache.

Benchi langu liko Kabeza, hapa Kigali, limeegemea ukuta wa duka, miguu mitatu na tofali. Hapo nauza kahawa ya tangawizi, na hapo wanakaa wale wale kila asubuhi, wakiniita mukecuru, yaani bibi kizee. Révérien wa pikipiki tunamwita Dakika Kumi, maana popote unapotaka kwenda, kwake ni dakika kumi. Kagabo, karani mstaafu, ni Muhuri: kila neno lazima aligonge methali, hata isipohusu. Évode, aliyekulia Bujumbura akarudi na majibu ya kila kitu, ni Profesa. Siku hiyo alikuja na chupa ya maji ya kijani, na ubavuni mwake alikaa Mukantwari, mjane wa Masaka, mwenye kuku mia mbili wa mayai. Tangu mumewe afe, kuku hao ndio shamba lake na ndio pensheni yake. Daktari wa mifugo alikuwa aje Jumamosi kuwarudishia chanjo ya kideri.

— Nimempigia asije, — Mukantwari alisema. — Profesa ana dawa.

Nusura nijimwagie kahawa mguuni.

— Majani ya umuravumba, pilipili na majivu, — Évode akasema, akitikisa chupa. — Mukecuru, usinitazame hivyo. Nimefanya utafiti. Ugonjwa umeingia kwangu, nina kuku ishirini na wanne. Kumi na wawili nimewanywesha, kumi na wawili nimewaacha. Waliokunywa amekufa mmoja. Walioachwa wamekufa watano. Mmoja, watano! Mtoto mchanga anaona.

— Hapo iko bahati tu, — Dakika Kumi akasema.

— Bahati gani, sha? Wewe unajua barabara, mimi najua kuku.

Muhuri akakohoa kama anayefungua kikao.

— Wahenga walisema, kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kwa hiyo dawa ni halali.

— Kamba imeingiaje hapa? — nikamuuliza.

— Inaingia polepole, mukecuru. Tatizo ni ndege. Zikishuka uwanjani Kanombe, kuku wanadhani ni mwewe mkubwa, moyo unapasuka. Mwenye pilipili tumboni haogopi mwewe.

— Basi na mimi ninywe kabla ya kupita polisi wa barabarani, — akasema Dakika Kumi. — Ila mimi naona ni rangi. Wale weupe jua linawapiga.

— Wangu wote ni wekundu! — Évode akafoka. — Mama Mukantwari, achana nao. Akifa kuku wako hata mmoja, nakulipa kuku kwa kuku, kutoka bandani kwangu. Mukecuru ni shahidi.

Nikasema nimesikia. Nasikia vizuri kuliko wanavyodhani.

Hapo akafika Ingrid, binti wa jirani yangu Gwiza. Anasoma takwimu za afya, na kwa kawaida huchukua kikombe akaenda zake. Siku hiyo alisimama, akasikiliza.

— Bibi, una mahindi na maharage?

— Niko hai, kwa nini nisiwe nayo?

— Tuseme dawa ya Profesa ni maji matupu. Tuseme tu, tuone. Basi wale sita waliokufa wangekufa vyovyote, wanywe wasinywe. Weka maharage sita ndani ya sufuria, hao ndio wafu. Weka mahindi kumi na nane, hao ndio wazima. Funga macho, koroga, chota kumi na mbili. Hao ndio wanywaji. Profesa alipata mfu mmoja. Tuhesabu ni mara ngapi mkono wako unapata mfu mmoja, au asipatikane hata mmoja, bila dawa yoyote.

Nilichota mara ishirini, narudisha na kukoroga kila mara. Mimi shule niliiacha darasa la pili, lakini harage nalijua hata gizani. Mara nyingi yalitoka matatu. Nyingine mawili, nyingine manne. Mara mbili likatoka moja tu.

— Mbili katika ishirini! — Évode akaruka. — Kumi na nane ni zangu. Nimeshinda!

— Hujashinda, — Ingrid akamwambia. — Maana yake bahati peke yake, na macho imeyafumba, inaweza kufanya hicho unachojisifia. Si kila siku, lakini si ajabu. Sisemi dawa haifai. Nasema bado hujatuonyesha.

— Sasa inaokoa wangapi? — Mukantwari akauliza. — Mimi nataka hilo tu. Wangapi?

Ingrid akamgeukia Dakika Kumi.

— Kaka, kutoka hapa mpaka Nyabugogo dakika ngapi?

— Kumi!

Benchi likacheka mpaka tofali likateleza.

— Sema kweli.

— Ee, ishirini na tano. Magari yakijaa, hamsini.

— Sasa ndiyo umesema kweli. Anayetaja namba moja hajui, anayetaja ncha mbili anajua asichokijua. Mama, kwa kuku wachache hivi ncha zangu ziko mbali sana. Katika kuku mia, pengine inaokoa sitini. Pengine haiokoi hata mmoja, na inaongeza mmoja au wawili kaburini.

Mukantwari alikuwa ameshatoa simu, ila kidole kilisita. Sitini ni wengi, na tumaini ni kitu kigumu kutema.

— Na hao kumi na wawili, Profesa, — Ingrid akauliza, — uliwachaguaje?

— Rahisi. Asubuhi nilimwaga mahindi nikaita. Kumi na wawili wa kwanza kufika nikawanywesha. Sikutaka kukimbizana nao.

Nikaweka kikombe chini.

— Évode. Kuku mgonjwa hukimbilia mahindi?

Dakika Kumi alitazama tairi lake. Muhuri alifungua mdomo, akakosa methali, akaufunga. Kuku mwenye kideri hujikunyata pembeni mbawa zikining'inia, hata mtoto wa Masaka anajua. Évode aliwapa dawa wazima, kisha akawasifu kwa kutokufa.

Mukantwari akapiga simu. Daktari akasema Jumamosi ameshawapa watu wengine, atakuja baada ya wiki tatu. Kabla hajafika, kideri kikapita Masaka. Chanjo ya zamani iliwakinga wengi. Walikufa tisa.

Mukantwari alipokuja benchini kudai, Évode alikuwa amejifunza.

— Nani amethibitisha wamekufa kwa kukosa chanjo? Waliochanjwa wa kulinganisha nao wako wapi?

Ingrid akacheka.

— Hapo hajakosea, bibi.

— Hajakosea, — nikasema. — Lakini aliahidi akifa. Sikusikia akitaja sababu.

Tukaenda kwake sote. Alibakiwa na kuku kumi na wanane. Akaanza kumwonyesha Mukantwari wale waliojikalia kwenye kona: chukua huyu mama, mtulivu, na huyu, hana fujo.

— Oya, hapana, — nikamwambia. — Safari hii hachagui mtu.

Tulimfunga kila kuku utepe wenye namba mguuni. Muhuri alisimama mlangoni mwa banda, machozi ya furaha yakimlenga.

— Kamba mguuni! Si niliwaambia itaingia?

Namba zile zile, kwenye vikaratasi, zikaingia kwenye sufuria yangu, Mukantwari akafumba macho. Akatoa nane, Évode akivumilia. Ya tisa ilikuwa namba kumi na saba, jogoo wake, yule aliyefika wa kwanza kila mahindi yalipomwagwa.