Nani Kaziba Kongo? Kumuaga Mwalimu Esteria Fanueli

Baada ya miaka thelathini na tatu ya kufundisha Jiografia, yote katika shule hii moja iliyokaa mgongoni mwa mlima juu ya Lukozi, Mwalimu Esteria Fanueli anastaafu rasmi tarehe 30 Juni mwaka huu. Kamati ya sherehe imenipa mimi, mwalimu wa Kiswahili, kazi ya kuandika wasifu wake katika ratiba hii, ikaniagiza niandike kwa furaha. Nitajitahidi. Ila nina jambo limenikaa kooni, na wageni waalikwa mtanisamehe, maana baadhi yenu mmeegesha magari juu yake.

Mwalimu Esteria alizaliwa Mlola, mtoto wa wakulima wa maharage. Alipopangiwa kuja hapa alikuta darasa lisilo na ramani hata moja ukutani. Wengine tungelalamika wilayani, tukasubiri. Yeye aliomba jembe. Nyuma ya jiko, kwenye kile kiwanja cha mteremko, yeye na wanafunzi wake walilifinyanga bara zima la Afrika kwa udongo mwekundu na mawe: milima, maziwa, mabonde na mito yote mikubwa, kuanzia Naili hadi Orange. Darasa zima lilisimama Sahara na nafasi ikabaki.

Huku kwetu maji ya mfereji ni ya zamu, na zamu ya shule ni Alhamisi. Basi kila Alhamisi Mwalimu aliyaelekeza maji kwenye vyanzo kwa mabomba ya mianzi, na Afrika ikaanza kutembea. Naili ilitoka Ziwa Victoria ikashika njia ya kaskazini. Kongo ilivuka ikweta, ikajipinda, ikaivuka tena. Niger ilianzia karibu na bahari, ikaikimbia, ikafika ukingoni mwa jangwa, kisha ikarudi baharini upande mwingine kama mtu aliyesahau chumvi sokoni. Wanafunzi walisimama kwenye miinuko kati ya bonde na bonde, wakaona kwa macho yao kwamba tone likianguka huku linakwenda Mediterania, likianguka hatua moja kule linakwenda Atlantiki. Hakuna aliyehitaji kukariri.

Maji yote yaliishia kwenye handaki la bahari, na kutoka hapo yakateremka shambani kwa jirani yetu Bi Tatu. Bi Tatu huwaambia wateja wake kwamba kabeji zake zimekunywa Naili na Kongo, ndiyo maana moja tu inamshinda mtu mzima kuibeba.

Vituko navyo havikukosekana. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili, jina lake Zuberi, aliuonea huruma Mto Okavango. Aliuona unatoka Angola kwa madaha, unafika Botswana, unaishia mchangani bila kuiona bahari. Jumapili moja akaja kimyakimya, akauchimbia njia hadi Atlantiki. Alhamisi maji yakapita mbio, delta ikakauka kau. Mwalimu hakumchapa. Alimsimamisha pale kwenye delta kavu, akamtaka awaeleze tembo, viboko na wavuvi wa pale waende wakanywe wapi. Zuberi alilia, akaziba njia yake mwenyewe, na tangu siku hiyo shule nzima ikamwita Okavango. Zuberi huyo ndiye leo Mwenyekiti wa Bodi yetu. Shikamoo, Mheshimiwa.

Matunda ya kiwanja kile yametapakaa nchini. Wapo wahandisi wa maji, wapo walimu, yupo binti anayepima kina cha Mto Sigi kule chini ya Amani. Wote walianza kwa matope kwenye soksi.

Sasa lile la kooni. Wiki mbili zilizopita Bodi iliamua kwamba sherehe hii ni kubwa na wageni wana magari. Likaja lori, likamwaga kifusi. Likaja la pili. Kufikia jioni Afrika ilikuwa imesawazishwa, imeshindiliwa na kuchorwa mistari ya chokaa. Jamani! Yaani ili tumuage mwalimu kwa heshima, tumeifukia kazi ya maisha yake! Na hakuna aliyemuuliza, eti wanaandaa sapraizi. Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Naona kwenye kikao kile watu walikuwa wamenyoa.

Alhamisi iliyofuata maji hayakufika kwa Bi Tatu. Akapanda hadi ofisi ya walimu, khanga kiunoni, asimsalimie mtu, akauliza kwa sauti iliyofika bwenini: nani kaziba Kongo? Mwalimu Esteria ndiye aliyenyanyuka, akamshika mkono, wakaenda wote wawili kukitazama kifusi. Mtu ambaye akikasirika hutusema kwa Kishambaa mpaka chai inapoa, siku hiyo alinyamaza. Mimi kimya kile kimeniuma, na bado kinaniuma ninapoandika hapa.

Kamati imemnunulia seti ya makochi. Amekataa. Amekataa kwa adabu, lakini amekataa. Anasema nyumbani kwake Mlola ana viti vya kutosha. Alichotaka ni kumkabidhi mwalimu mpya anayeripoti Julai kile kiwanja kikiwa hai, maji yakipita. Sasa amkabidhi nini, maegesho?

Kwa hiyo ratiba imebadilika, na aliyeibadilisha ni mimi. Baada ya chakula hakutakuwa na muziki. Wanafunzi, wa sasa na wa zamani, watakuja na majembe, na wageni mnaombwa kuondoa magari yenu haraka bila kununa. Mheshimiwa Mwenyekiti, nafasi ya mbele waliyokuchorea chokaa nimeikagua mwenyewe. Umeegesha juu ya Okavango. Jembe lako lipo, limenolewa. Anza na delta, unaijua ilipo.

Mwalimu Esteria, ahsante kwa kutufundisha kwamba kila maji yana kwao. Mungu akupe afya, akupe wajukuu watundu, na maharage ya Mlola yakubali mwaka hadi mwaka. Uende salama, ila usiende leo. Subiri Alhamisi, uyafungulie maji kwa mkono wako mwenyewe. Bi Tatu yuko kule chini, anangoja.

Clemence, kwa niaba ya walimu wenye hasira