Barua ya Fundi Cherehani

Bibi mmoja alikaa dirishani ndani ya basi. Mbele yake fundi cherehani alikuwa ameipakata barua ya ofisi ya kodi kama mtoto mchanga. Leo ndiyo siku ya mwisho: akubali kwa saini kwamba duka la marehemu dada yake ni lake, pamoja na kodi zote za nyuma, au apinge.

"Muone wakili wa kodi kwanza," alisema seremala, jirani wa kiti wa fundi huyo tangu kituo kilichopita.

"Nikienda na wakili si wataona nina la kuficha?"

"Ukienda peke yako wataona huna la kusema."

"Sasa kaka, lipi afadhali?"

Seremala akakuna kidevu. "Hapo hata mimi napotea, dada. Mimi nilisaini kwanza, wakili nikamtafuta baadaye. Akaniuliza, mbao umeshazikata, mimi niunge nini?"

Bibi alifuata kila neno, na sasa hakujua hata yeye angefanyaje.

Basi likasimama. Ofisi ya kodi ilikuwa upande huu wa barabara, ya wakili ng'ambo. Fundi akashuka, akasimama ukingoni akitazama huku na kule. Seremala, ambaye kituo chake kilikuwa bado mbali, akashuka pia, akampokea mkoba.