Jalia Aliyetaka Kusujudu

Wasikilizaji wapendwa, leo tukae kidogo na jina la Jalia. Jalia wa Ludara, hapa Koboko, mke wa sajini mstaafu Hamdani. Jalia hatunaye tena. Maneno matamu sina, nitawapa yaliyotokea.

Jalia alikuwa mkulima, na mcheshi ajabu. Mgeni akifika kwake alitaniwa kwanza, kisha akalishwa. Mvua za kwanza alianguka shambani akipanda muhogo. Nyonga ikaumia, akalala kitandani wiki nyingi. Alipoinuka, mapaja yalikuwa yamelegea, akawa anaswali juu ya kiti. Hilo lilimchoma. "Mimi nataka kusujudu chini, na kuinuka mwenyewe," alimwambia binti yake Poni. Alitaka kusujudu, basi.

Hamdani akampeleka Arua kwa Laurette, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Laurette akamwonyesha zoezi la wanaoanza, la kutia nguvu mapaja kwa ndani. Unalala ubavu. Mguu wa juu unaukunja, unakanyaga mbele. Mguu wa chini unaunyoosha, unauinua kidogo, unaushusha polepole. Halafu upande wa pili.

"Mama akichoka, apumzike," alisema Laurette. "Na kama mguu inavimba, mumulete mbio."

Hamdani aliitikia. Lakini mwanajeshi hastaafu kichwani. Kila asubuhi alisimama kando ya mkeka akitoa amri: "Inua! Shusha!" Mwanzoni Jalia alicheka, akampigia saluti akiwa amelala. Nguvu ikaanza kurudi. Hamdani akaona fahari, na nani asingeona?

Kisha mguu mmoja ukauma, ukavimba.

"Baba Poni, mguu iko nauma sana. Iko moto."

Hamdani akautazama. Kambini walifundishwa kwamba maumivu ni nguvu inayoingia mwilini. "Hiyo ni mazoezi nashika," akasema. "Askari hapana acha njiani." Jalia akainua tena, kwa kuwa alimwamini.

Kesho yake alikosa pumzi uani, akafa kabla gari halijafika. Daktari alieleza kwamba damu iliganda mguuni, ikapanda hadi mapafuni. Zoezi halikuwa na kosa, alisema. Ule uvimbe ulitaka hospitali.

Matangani wengine walinong'ona kuwa sikio la kufa halisikii dawa. Jamani! Sikio lililokataa halikuwa la Jalia. Poni anasema baba yake hali, halali. Watu walimwambia Hamdani ni kazi ya Mungu. "Kazi ya Mungu najua," akajibu. "Na kazi yangu je?"

Kwako Hamdani, kwako Poni, na kwa ukoo wote wa Ludara, poleni sana. Sisi sote ni wa Mungu, na kwake tutarejea. Nawe unayenisikiliza, kama kuna mtu hapo nyumbani amekwambia anaumwa, zima redio. Nenda ukamwangalie.